Kibuyu cha Mama Ignas

Mimi ndiye niliyemwambia apande zote. Nalisema hili mwanzo kabisa, maana nawajua watu wa kazi yangu: tukiandika habari za shamba lililokufa tunaanza na mvua, tunafuata wadudu, na tukifika kwetu wenyewe wino umekwisha.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Theopista, lakini pale Mwakilasa, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Segese, hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa padri. Alikuwa Mama Ignas. Alifariki mwaka jana, 1988, na kibuyu chake kiko kwangu, juu ya kabati la nguo. Mke wangu ameniuliza mara mbili kama anaweza kukitumia kuwekea maziwa.

Alizaliwa upande wa Masumbwe, binti wa tatu kati ya saba, kwa mama aliyekuwa na mtama wake. Nasema "wake" kwa sababu ndivyo walivyosema wenyewe. Ulikuwa mtama mweupe wa kuinama: suke likijaa, shingo hujipinda hadi suke likatazama chini kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Ulivumilia jua. Mvua ikikatika mapema ulisimama tu, ukangoja, na mvua ikirudi uliendelea pale ulipoachia. Ugali wake ulikuwa mtamu. Binti alipoolewa, mama yule alimpa vitu viwili ambavyo hakuruhusiwa kubebewa na mtu: rozari na kibuyu cha mbegu. Mabinti saba, vibuyu saba.

Kibuyu kilikuwa na miiko yake. Mbegu haiuzwi, huombwa, na aombwaye hanyimi. Tena kibuyu hakilali kitupu: msimu ukifika unapanda theluthi mbili, theluthi moja unaiacha ndani pamoja na majivu, unaziba mdomo kwa samadi ya ng'ombe, unakitundika juu ya mafiga ili kipate moshi. Hata mvua inyeshe mpaka vyura wachoke kulia, ile theluthi huigusi. Theopista aliolewa na Kalisti wa Mwakilasa mwaka 1946, akazaa, akazika watoto wawili, akamzika na Kalisti mwenyewe mwaka 1969, na miaka yote hiyo kibuyu hakikulala kitupu hata siku moja.

Mimi nilifika Mwakilasa mwaka 1974, kijana wa miaka ishirini na minne mwenye cheti kipya na kofia. Naitwa Clemens, ila jina hilo nalo lilikufa pale stendi nilipoteremka. Nikawa Bwana Shamba. Ulikuwa mwaka wa watu kuhamia kwenye vijiji. Nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara, na nyuma kule walikotoka yakabaki mahame, vihenge vya nafaka vikiwa vimeinama, na ngitili zao. Ngitili ni malisho ambayo kila mji, yaani kila kaya, ulikuwa ukiyafunga wakati wa mvua ili ng'ombe wapate nyasi Septemba, nchi ikishakauka. Watu walipohama, hakuna aliyekuwa karibu kuzilinda. Miaka miwili tu, zikaliwa hadi mizizi.

Nilikuja na pamba ya kuuza na mahindi ya kula, kila zao na shamba lake, mistari iliyonyooka. Mtama niliuita chakula cha kuku. Nilisema hivyo mkutanoni kwa sauti kubwa, mwenyekiti wetu, mzee Masele, akacheka, watu wakacheka kwa kuwa mwenyekiti amecheka, nami nikajiona nimeanza kazi vizuri.

Wiki sita baadaye nilikuta mtama katikati ya pamba ya mjane mmoja. Umechanganywa na kunde, na matango yametambaa chini. Shamba la mchanganyiko, mbele ya macho yangu! Niliung'oa mwenyewe, miche ya kufika magotini, nikaitupa njiani. Mwenye shamba, Mama Ignas, alisimama ameshika jembe lake. Nilipomaliza akaniuliza:

"Kwenu wapi, mwanangu?"

"Ushirombo."

"Na kwenu Ushirombo, ulikula nini ukakua hivi?"

Nilikua kwa mtama. Mama yangu aliusaga kwa jiwe mpaka magoti yake yakaota sugu. Nilivaa kofia yangu, nikapanda baiskeli, nikaenda.

Hakushindana nami. Mwaka uliofuata aliacha shamba la barabarani liwe pamba tupu kama nilivyotaka, akaenda kulima kashamba kadogo kule kwenye mahame yao ya zamani, kwenye mchanga, katikati ya miiba. Alitembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Hakukuwa na chakula cha maana pale. Alilima ili kibuyu kipate mbegu mpya kila mwaka. Miaka tisa alifanya hivyo, na mimi nilijua, nikajifanya sijui, nikaona kwamba mimi ni mtu mwema.

Katika miaka hiyo mtama uliisha Mwakilasa. Sikuuondoa wote kwa mikono yangu; hilo nisijipe. Watu waliyapenda mahindi. Yalikobolewa upesi, watoto waliyataka, na hata wapika pombe waliuacha mtama mwekundu. Kisha dhahabu ikaonekana Bulyanhulu, na vijana waliokuwa wakilima wakaenda kuingia mashimoni, yale wanayoyaita maduara. Ignas, mtoto wake wa mwisho, alikwenda mwaka 1981. Alisema anakwenda kwa miezi mitatu.

Mwaka 1984 mvua ilikatika Februari. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika kiunoni, yakawa yanapiga kelele ya karatasi upepo ukivuma. Ulipofika mwezi wa saba tulikuwa tunapanga foleni ya unga wa njano wa msaada, ule ambao watu waliuita Yanga, na mimi Bwana Shamba nilikuwa ndani ya foleni na debe langu. Siku moja unga uliisha watu kumi mbele yangu. Mwenye njaa hana miiko. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mama Ignas, mchana kweupe, nikapiga hodi.

"Shikamoo, Mama Ignas."

"Marahaba. Karibu, Bwana Shamba. Chakula cha kuku kipo."

Nilikula. Ugali wa mtama kidogo kwa mlenda, na baadaye michembe, vile viazi vitamu alivyovikata na kuvianika mwaka mmoja kabla, akavipika na karanga. Hakunicheka zaidi ya pale mlangoni, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilimwambia, "Mama, nisamehe." Akasema, "Kula kwanza."

Kuanzia siku ile nilikuwa mwanafunzi wake. Nilinunua daftari. Alinipeleka kwenye mahame akanionyesha mchanga wanaouita luseni, akaniambia hapa mtama na karanga, chini kule kwenye udongo mweusi viazi na mpunga. Akanionyesha kwamba kunde hazikuwekwa kati ya mtama kwa uvivu wa kupanga mistari. Zilifunika ardhi isikauke, na jani lake lilikuwa mboga ya Januari, mwezi ambao hakuna kitu kingine. Akanieleza jinsi kihenge kilivyokuwa na mtama wa mwaka huu juu na wa mwaka juzi chini, na kwamba mji wenye kihenge cha mwaka mmoja ulihesabiwa kuwa mji wa maskini. Niliandika kurasa arobaini. Chuoni nilisoma miaka miwili, na sikuwa nimeandika kitu chenye faida kama kile.

Basi mtu mpumbavu akishapata elimu, mwogope.

Oktoba ilipofika, kabla ya Misa ya kubariki mbegu, nilikwenda kwake na mpango. Kibuyu chake kilikuwa na mbegu za kutosha ekari moja, ukizipanda zote. Tungelima ekari moja ya mfano kando ya barabara, kila mtu aione. Tukivuna, mbegu tungezigawa kwa kila mji wa Mwakilasa, na mwaka unaofuata mtama ungerudi kijiji kizima kwa mara moja. Nilikuwa nimechora hata ramani.

"Zote?" aliuliza.

"Ukibakiza theluthi, Mama, hazitatosha miji yote. Tutapoteza mwaka mzima. Umeona njaa ya mwaka huu."

"Kibuyu hakilali kitupu."

"Kitalala miezi sita tu. Mwezi wa sita tutakijaza, na vingine mia."

Aliendelea kuchambua mlenda. Kisha akasema, "Kidole kimoja hakivunji chawa, Bwana Shamba. Mtama unapandwa na watu. Shamba langu la kule miibani ni dogo, ndege hawalioni. Hili lako la barabarani nani ataliamia, ndege wasile?"

Nilimjibu kwamba kijiji kitatoa watu, nimekwisha ongea na mzee Masele. Hilo lilikuwa kweli. Masele alikuwa amesema ndiyo, kwa sababu yeye husema ndiyo. Nikamwambia pia, na hapa ndipo ninapoona haya mpaka leo, kwamba akikataa, mbegu ile itakufa naye, maana Ignas hatarudi kulima. Nilimwambia mama mjane hivyo nyumbani mwake.

Alisimama juu ya kigoda akakitungua kibuyu.

Mbegu zilibarikiwa kanisani. Wengine walileta mahindi ya pakiti, yeye alileta kibuyu, na padri akakinyunyizia maji kama vingine. Tulipanda wiki ya pili ya Desemba. Mvua ilikuwa nzuri mwaka ule, nakiri, nzuri kuliko miaka mitano iliyopita. Ulipofika mwezi wa nne mtama ulikuwa umenizidi kimo, masuke yameanza kuinama, punje zikiwa bado na maziwa ndani. Watu walisimama barabarani wakatazama. Mzee mmoja alivua kofia. Mama Ignas alikuwa akipita katikati ya mistari akiyashika masuke kwa kiganja kutoka chini, anayapima uzito, na siku moja alicheka akaniambia, "Clemens." Ndiyo mara pekee aliyoniita kwa jina.

Kweleakwelea walikuja Jumanne asubuhi.

Ni lazima nieleze jambo ambalo halikuwamo kwenye kurasa zangu arobaini. Zamani nchi yote ile ilikuwa mtama. Ndege wakija walikuta mashamba mia mbili, na katika kila shamba kuna dungu, jukwaa la miti, na juu yake watu wa mji huo wana makombeo na madebe, wanapiga kelele tangu jua linachomoza hadi linazama. Ukiwafukuza kwako wanaangukia kwa jirani, jirani anawafukuza wanaangukia kwa mwingine. Kila mji ulipoteza kidogo, na kila mji ulivuna. Pembeni walipanda ule mtama mwekundu mchungu, ndege akiuonja anaondoka. Hayo yote yalikuwa kilimo, ila mimi nilidhani kilimo ni mbegu na udongo. Mwaka 1985, kuanzia kwetu hadi Segese, mtama uliokuwa umesimama ulikuwa ekari moja. Ndege wote waliokuwa wakigawana nchi walikuja kwetu, maana hawakuwa na kwingine.

Siku ya kwanza watu ishirini walikuja kuamia. Walipiga madebe, wakapiga makelele, na ndege waliruka, wakazunguka, wakatua tena, kwa kuwa hapakuwa na shamba jingine la kuwavuta. Siku ya pili walikuja watu sita. Nilikimbia kwa Masele.

"Mzee, uliniahidi watu."

"Pamba ina magugu, Bwana Shamba. Kila mtu ana lake. Wewe si ndiye uliyetufundisha kwamba pamba haisubiri?"

Niliomba wilayani waje kupiga dawa kwa ndege ya kunyunyizia. Waliniuliza kwa heshima zote ni eneo la ukubwa gani. Nilipowaambia ekari moja, hawakujibu tena, na mimi ningekuwa wao nisingejibu. Mama Ignas alituma ujumbe Bulyanhulu kwa mwanawe. Siku ya tatu tulibaki wawili, yeye juu ya dungu na mimi chini, na sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa, akawa anapiga debe tu. Ndege walitua umbali wa mkono kutoka kwake. Walikuwa wengi mpaka mabua yakalala kwa uzito wao. Alishuka, akachana khanga zake mbili vipande vipande, tukafunga masuke tuliyoweza kuyafikia. Tulifunga thelathini na moja.

Siku ya nne saa tano asubuhi waliondoka. Hapakuwa na kitu tena cha kula.

Ignas alikuja wiki iliyofuata na kilo mbili za sukari na redio. Alisema alikuwa chini, duarani, ujumbe ulimfikia amechelewa. Mama yake alimpikia. Sikumsikia akimlaumu, na sikuona ajabu, kwa sababu kama ni lawama pangekuwa na foleni na mimi wa kwanza.

Yale masuke thelathini na moja tuliyafungua mwezi wa sita. Tulikuwa tumeyafunga yangali na maziwa, na mvua za mwisho zililowanisha nguo. Ndani punje zilikuwa zimesinyaa, na nyingine zimeota ukungu mweusi. Alizianika hata hivyo. Kisha akahesabu hamsini zilizo bora, akazifunga kwenye kitambaa kibichi, akaweka kando ya mafiga pale penye joto, akawa anakilowesha kila asubuhi. Nilikwenda kutazama kila siku. Siku ya tano hakuna iliyochipua. Siku ya tisa alikunguta kitambaa mbele ya kuku. Kuku walidonoa, wakaziacha.

"Sasa nitaomba," alisema. "Vibuyu vilikuwa saba."

Nilimbeba kwa baiskeli, Septemba ile, barabara zote vumbi. Hilo angalau nililifanya. Segese kwa dada yake mkubwa, Lukresia: yu hai, haoni tena, kibuyu wanawekea mafuta ya taa. Kwa wa pili walikula mbegu mwaka wa kuhama, walipolala mvuani wiki tatu na watoto. Alitueleza huku analia, na Mama Ignas akamwambia kwamba hata yeye angekula, nami najua hakusema kweli. Wengine watatu nisiwachoshe nao. Kila mahali alisalimia, akaketi, akasifu nyumba, akaomba kama inavyoombwa mbegu, bila kutaja kilichompata. Kila mahali walimpa maji, na mahali pawili walimpa mahindi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa Masumbwe, ya mdogo wao wa mwisho, aliyekufa miaka sita iliyopita. Tulifika siku ya nne, saa nane mchana, baiskeli ina pancha. Tulimkuta mkaza mwana wake, mwanamke kijana ambaye hatukuwahi kuonana naye, anapukuchua mahindi kivulini mwa nyumba. Alituamkia, akatupa viti, hakutuuliza majina. Si adabu kumwuliza mgeni jina kabla hajanywa maji.

Mama Ignas alikunywa. Kisha akasema, "Binti yangu, nimekuja kuomba mbegu. Mtama mweupe, ule wa kuinama. Naambiwa mama mkwe wako alikuwa nao."

"Alikuwa nao," yule mwanamke alisema, "ila sisi tuliuacha. Mume wangu hakuupenda. Lakini msihangaike, Mama. Mama mkwe aliniambia kabla hajafa: siku ukiutaka, usiende huku na huku. Kuna dada yangu yuko Mwakilasa kule, anaitwa Mama Ignas. Yule hakosi. Dunia ikauke, kibuyu chake hakilali kitupu. Nendeni kwake, atawapa."

Nilifungua mdomo. Mama Ignas alinishika kifundo cha mkono, akakibana, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Wabheja, binti yangu," alimshukuru. "Tutakwenda kwake."

Tuliziba pancha. Yule mwanamke alitusindikiza mpaka njiani kama ilivyo desturi, na pale pa kuagana akakumbuka jambo, akaona haya kidogo, akalisema.

"Mama, mkifika kwa Mama Ignas, mniombee na mimi. Hata kiganja kimoja. Mwaka jana watoto walilala njaa."

Mwenye kuombwa mbegu hanyimi. Mama Ignas alimtazama, kisha akakitazama kibuyu alichokuwa amekipakata mapajani, kwenye keria ya baiskeli yangu.

"Nitakuletea," alisema.

Nikaanza kukanyaga pedali.